Mita 900 ziko chini ya ziwa: kimo cha ndege ndogo na hesabu ya wanyama Serengeti

Hebu tuanze na fumbo. Katika kanuni za kimataifa za urubani kuna jedwali linalomhusu rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa macho yake, yaani anayetazama nje ya dirisha badala ya kuongozwa na vyombo tu. Jedwali linamwambia anatakiwa kuona umbali gani mbele yake na akae mbali kiasi gani na mawingu. Anga imegawanywa matabaka. Tabaka la chini kabisa linaishia mita 900 kutoka usawa wa bahari, na humo, pale ambapo hakuna mwongozaji wa ndege anayesimamia, masharti ni mepesi: uone kilometa 5, usiingie kwenye wingu, na ardhi uione muda wote.

Sasa chukua ramani ya Mkoa wa Mara. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sehemu yake yenye kina kirefu kabisa ina mita 80 hivi. Toa, utabaki na mita 1,050 na kidogo. Kwa hiyo ule mstari wa mita 900 unapita chini ya matope ya sakafu ya ziwa! Na kwa kuwa Mto Mara na Mto Grumeti humwaga maji yao ziwani, na maji hayapandi kilima, ardhi ya Tarime na ya Wilaya ya Serengeti yote iko juu zaidi ya hapo. Rubani wa Mugumu angeweza kulitumia tabaka hilo kama angekuwa fuko.

Kanuni yenyewe inaokolewa na kifungu kimoja kifupi kilichobandikwa pembeni: mita 900 kutoka baharini, au mita 300 juu ya ardhi, utachukua iliyo juu zaidi. Uholanzi, nchi ambayo uwanja wake mkubwa wa ndege wa Schiphol uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari, rubani anatumia ile ya kwanza na ya pili haimhusu sana. Mara ni kinyume chake. Kanuni ni ileile, lakini kila upande unasoma nusu yake.

Nalitaja hili kwa sababu swali la "juu kiasi gani?" linaonekana jepesi hadi uulize "kutoka wapi?" Na katika historia ya Serengeti swali hilo limegharimu uhai wa watu, limeingia kwenye hesabu ya nyumbu na tembo, na kwa njia ya mzunguko limegusa mipaka ya vijiji.

Tuweke maneno sawa kwanza. Katika makala hii, mwinuko ni umbali kutoka usawa wa bahari. Kimo ni umbali kutoka ardhini, pale pale chini ya ndege. Seronera, katikati ya hifadhi, ni karibu futi 5,000 za mwinuko, yaani kama mita 1,500. (Urubani bado unatumia futi karibu dunia nzima, tuvumilie.) Ndege ikiwa imeegeshwa pale, matairi yamegusa vumbi, kifaa chake cha kupima mwinuko kinasoma futi 5,000. Kimo chake ni sifuri. Mgeni aliyezoea nchi tambarare ya pwani, ambako namba mbili hizi zinakaribiana, anaweza kuona 5,500 kwenye saa ile akajisikia yuko juu sana, kumbe ana futi 500 tu chini yake.

Kifaa hicho, altimita, hakioni ardhi. Kinapima mgandamizo wa hewa na kuutafsiri kuwa mwinuko. Ukienda juu hewa inapungua uzito. Ni jambo ambalo kila aliyepika maharage kwenye miinuko ya Tarime analijua kwa njia nyingine: kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na maharage yanachelewa kuiva. Lakini mgandamizo hubadilika pia kwa hali ya hewa, kwa hiyo rubani lazima aiambie altimita mgandamizo wa siku hiyo. Akikosea kwa hektopaskali 10, altimita itamdanganya kwa zaidi ya mita 80. Kumbuka namba hiyo, maana kiwango tunachokwenda kukitaja sasa ni mita 150.

Mkataba wa Chicago ulitiwa saini Desemba 1944, vita vikiwa havijaisha. Nchi 52 zilihudhuria. Kutoka Afrika walikuwepo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini; Tanganyika haikuwa na kiti, ilikuwa chini ya Uingereza. Mkataba ulizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na mwaka 1948 shirika hilo likapitisha Kiambatisho namba 2 kiitwacho Kanuni za Anga. Baadaye nchi moja moja ziliandika kanuni zake kutoka humo. Kwetu kazi hiyo ilifanywa kwa muda mrefu na chombo cha pamoja cha Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Leo msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iliyoanza 2003.

Kuhusu kimo cha chini, kanuni ya kimataifa ni fupi. Juu ya mji, makazi yaliyobanana au mkusanyiko wa watu mahali pa wazi, usiwe chini ya mita 300 (futi 1,000) kutoka kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600 kukuzunguka. Kwingine kote, usiwe chini ya mita 150 (futi 500) kutoka ardhini au majini. Isipokuwa unapaa, unatua, au umepewa kibali.

Kwa hiyo mnada wa ng'ombe porini, hata kama hakuna nyumba, una hadhi ya mji kwa siku ile. Na Mugumu, tuseme kuna mnara wa simu wa mita 50 juu ya kilima cha mita 60. Hesabu ya mita 300 inaanzia kwenye ncha ya mnara, siyo kwenye barabara ya stendi. Jumla rubani anatakiwa awe mita 410 juu ya stendi. Hapa kanuni inapima kimo tu, wala haijali bahari iko wapi.

Kwa nini 150 na siyo 50? Fikiria injini imezimika. Ndege ndogo ya kawaida ikipoteza injini haidondoki kama jiwe. Inateleza, mita 9 hivi mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Kutoka mita 150 una kilometa 1 na ushee, na sekunde 40 hivi za kuchagua pa kutua, kugeuza pua ya ndege dhidi ya upepo na kusema neno moja kwenye redio. Kutoka mita 50 una sekunde kama 13. Ni muda wa kushtuka tu.

Halafu Mara inaongeza kodi yake. Saa saba mchana Seronera ikiwa nyuzi 30, hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko kwenye futi 8,000. Injini inatoa nguvu pungufu, ndege inapanda kwa kujikokota, na ili mabawa yabebe uzito uleule inabidi iende kasi zaidi juu ya ardhi. Mita 150 za hapa zina msaada mdogo kuliko mita 150 za pwani ya Uholanzi asubuhi ya baridi. Kanuni haisemi hivyo, lakini fizikia haijali kanuni.

Basi turudi 1957. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa 1951, ilikuwa inajadiliwa upya. Serikali ya kikoloni ilitaka kuitenga Ngorongoro na nyanda za mashariki, ambako Wamaasai waliishi na kuchunga, na kuipa hifadhi ardhi nyingine kaskazini. Swali lililohitaji jibu lilikuwa: nyumbu wanakwenda wapi, na ni wangapi? Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walijifunza urubani, wakapaka ndege yao aina ya Dornier Do 27 milia ya pundamilia, wakaruka wenyewe kutoka Ujerumani hadi Tanganyika. Usajili wa ndege ulisomeka D-ENTE. Ente ni bata kwa Kijerumani. (Milia haikuwa wazo jipya. Martin na Osa Johnson, Wamarekani, walizunguka Afrika na ndege ya pundamilia na ya twiga miaka ya 1930.)

Do 27 ilifaa sana. Inaweza kwenda polepole bila kuanguka na kutua kwenye uwanda wowote. Mwanzoni mwa 1958 waligawa eneo kwa vipande wakapita juu yake chini chini, mistari sambamba, wakihesabu kwa macho. Walipata wanyama wakubwa 366,980, kati yao nyumbu 99,481. Nitarudi kwenye namba hizo, maana ukamilifu wake hadi tarakimu ya mwisho unapaswa kukutia wasiwasi kidogo.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi, hawa tunaowaita pia tai mzoga, aligonga bawa la ndege, na ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki 1987, amelazwa hapo pia. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Je, kanuni ya mita 150 ingemwokoa? Kwa kweli siyo moja kwa moja. Tumbusi hafuati matabaka ya binadamu. Mapema miaka ya 1970 mtafiti Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti kwa ndege nyepesi yenye injini ndogo, akizima injini na kupanda pamoja nao kwenye nguzo za hewa ya moto zinazoinuka kutoka uwandani. Nguzo hizo zinaamka asubuhi jua likishapasha ardhi, na ndege hao huzipanda mamia ya mita, kisha huteleza hadi nguzo nyingine. Aina moja, tumbusi wa Rüppell, iligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973 kwenye mwinuko wa futi 37,000. Kwa hiyo kimo hakikuondolei tumbusi. Kinakupa muda baada ya kugongwa. Ndege iliyojeruhiwa ikiwa na mita 500 chini yake inaweza kuwa na hadithi tofauti na iliyo na mita 60.

Hapo ndipo utata wa kweli ulipo. Ukiwa juu unapata usalama, ukiwa chini unapata taarifa. Nyumbu mmoja mmoja chini ya mti huonekana ukiwa karibu. Kwa hiyo sensa ya wanyama inahitaji kibali cha kwenda chini ya ile sakafu ya mita 150, na historia ya sayansi ya Serengeti ni historia ya kujifunza kukitumia kibali hicho kwa nidhamu.

Nidhamu hiyo ilipewa umbo na watu kadhaa, hasa Mike Norton-Griffiths, aliyeandika mwongozo wa kuhesabu wanyama uliotumika Afrika nzima tangu miaka ya 1970. Ndege huruka mistari iliyonyooka kwa kimo cha futi 300 hivi, yaani mita 91. Kwenye nguzo ya bawa, kila upande, kuna vijiti viwili. Mwangalizi wa kiti cha nyuma anahesabu wanyama wanaoonekana katikati ya vijiti tu. Wa nje na wa ndani anawaacha. Vijiti vimepimwa ili kwa futi 300 nafasi ile ifunike ukanda wa upana unaojulikana ardhini, tuseme mita 150. Mtu wa nne, aliyekaa pembeni ya rubani, haangalii wanyama sana. Kazi yake kubwa ni kusoma altimita ya rada, ambayo hutuma mawimbi chini na kupima kimo halisi, na kukiandika tena na tena.

Kwa nini umkodi mtu aandike kimo? Chukua tochi, ielekeze sakafuni, kisha inua mkono. Duara la mwanga linapanuka. Ukanda katikati ya vijiti unafanya vivyo hivyo: kimo kikipanda kutoka futi 300 hadi 350, upana unakua kutoka mita 150 hadi 175.

Sasa tuseme umeruka mstari wa kilometa 20 na kuhesabu nyamera 35. Ukidhani ulikuwa futi 300, umefunika kilometa za mraba 3, na eneo lote la kilometa za mraba 1,000 lina nyamera 11,700 hivi. Ukijua ulikuwa futi 350, umefunika 3.5, na jibu ni 10,000. Nyamera 1,700 wamezaliwa na futi 50. Hakuna aliyedanganya, ardhi tu ilishuka kidogo kwenye bonde na rubani hakuifuata. Serengeti ya kaskazini, kutoka Lobo hadi Kogatende karibu na Mto Mara, ni vilima na mabonde mfululizo, siyo ule uwanda wa kusini unaouona kwenye kalenda.

Akina Grzimek walikuwa wanategemea macho na ramani, ndiyo maana sizitegemei tarakimu zao hadi ya mwisho. Miaka mitatu baadaye, 1961, hesabu nyingine ilipata nyumbu zaidi ya 260,000. Sehemu ya tofauti ni mbinu. Lakini kulikuwa pia na ongezeko la kweli, na kubwa: ugonjwa wa sotoka ulikuwa unatokomea baada ya ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi kuchanjwa, na ndama wa nyumbu wakaanza kupona. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa takriban milioni 1.4. Kwa makundi makubwa hivyo macho yalishindwa, watafiti wakahamia kwenye picha zinazopigwa wima kutoka kimo cha juu zaidi, kisha kuhesabu nukta mezani. Huko nako, bila kujua kimo, picha haina kipimo.

Namba hizi hazikai kwenye makabrasha. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009 na takriban 43,000 mwaka 2014. Pengo hilo la asilimia 60 ndilo lililotikisa sera za ujangili nchini, na lilipatikana na watu waliokaa nyuma ya vijiti, futi mia tatu na kitu juu ya miiba.

Na mipaka je? Hifadhi ilipogawanywa 1959, Ngorongoro ikawa eneo lake, na Wamaasai wa Serengeti wakahamishiwa huko. Upande wa pili Serengeti ilirefushwa kaskazini, na miaka ya 1960 ikaongezwa kabari ya Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya. Familia za Wakurya zilizolima huko zilihamishwa. Waikoma, Wanatta, Waisenye na Wangoreme wa magharibi wana kumbukumbu zao za mahame na vyanzo vya maji vilivyobaki ndani ya hifadhi. Kutoka mita 91, mwangalizi mwenye dakika moja kwa kila kilometa chache anaona boma, shamba na ng'ombe, naye anaviandika. Hame la ukoo halionekani kati ya vijiti viwili. Silaumu vijiti, vilitengenezwa kwa nyumbu. Lakini ramani iliyochorwa kwa kufuata nyayo za nyumbu ilihitaji pia mtu wa kutembea chini na kuuliza, na sehemu hiyo ilifanywa hafifu.

Kuruka chini kuna hatari nyingine ambayo kanuni ya 1948 haikuifikiria. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa kwenye helikopta Maswa, pori la akiba lililopakana na Serengeti kusini-magharibi, akifuatilia mizoga ya tembo. Majangili walimpiga risasi kutoka ardhini, akafariki. Kimo kinachokuwezesha kuona mzoga kinamwezesha mwenye bunduki kukuona wewe.

Sasa zimekuja ndege zisizo na rubani, droni. Nchi nyingi zimeziwekea dari ya mita 120, ili zibaki chini ya sakafu ya mita 150 ya ndege zenye watu. Kwenye mipaka ya hifadhi za Tanzania zimejaribiwa kufukuza tembo mashambani, na zinafanya kazi. Inadhaniwa mlio wake unawakumbusha nyuki. Tatizo ni kwamba droni nyingi za kawaida hupima kimo kutoka pale zilipopaa, siyo kutoka ardhi iliyo chini yake. Irushe kutoka juu ya kilima Tarime kuelekea bondeni, kioo cha simu kitasoma 120 wakati iko mita 250 au 300 juu ya mahindi, ndani kabisa ya anga ya ndege ndogo. Irushe kutoka bondeni kuelekea kilimani, kioo kitasoma 120 hadi pale itakapojibamiza kwenye mwamba.